Tabiri za Yaliyokwisha Kupita

Ilford, London

Mama yangu,

Shikamoo. Mzima mie, ila baridi imenipasua midomo.

Umeniuliza kama tabiri za kale ninazozisoma chuoni, za zama za Warumi, zinasema mdogo wangu Riyadh ataachiwa lini. Mama, walioziandika hawakuijua kesho. Dola yao ilikuwa inayumba, mkate haushikiki bei, vijana wanakamatwa. Kusema waliogopa, basi wakayaandika yaliyokwisha kutokea kana kwamba yatakuja. Ndiyo tukajua walivyoishi.

Nami ningeandika hivyohivyo: "Atakamatwa kijana wa Wete akienda kununua mkate, na mama yake ataacha kukomea mlango."

Zaidi ya hapo sijui kitu.

Komea, mama. Akirudi atapiga hodi.

Mwanao,
Siham