Waya wa Kushoto

Chai imo kwenye chupa. Amplifaya ya hedifoni isiguswe, hasa na wewe fundi wangu wa kujifanya.

Nilikwambia sikio langu la kushoto limekufa, uchanganye sauti za pande zote mbili ziingie la kulia. Wewe umekata waya wa kushoto, ukasema tayari! Kukata waya hata panya anaweza. Kazi ya kutia kinyaa.

Asubuhi nimeweka wimbo tuliorekodi na marehemu mama yako, sauti yangu upande wa kulia, yake kushoto. Nimejisikia peke yangu, nikinyamaza kumpisha aitikie, na kimya.

~~Msinisubiri kula.~~ Nisubirini. Nimefuata dukani rezista mbili za kuchanganyia sauti yake na yangu. Saa kumi washa pasi ya kulehemu. Utamrudisha mwenyewe.

Baba