Kitawi cha Mti Wetu

Baba Kibonge wangu,

Sisi wazima, ila mwanao anaota jino, na usingizi nimeusahau.

Juzi ulipopitisha ndege juu ya paa kutusalimu, nguo zote zilianguka kutoka kwenye kamba. Jirani akafoka, "Mwambie mumeo aje azifue mwenyewe!" Nilicheka hadi nikakaa chini. Nilijivuna pia, sikatai.

Jana fundi wa ndege yako alikuja na kitawi alichokichomoa tumboni mwa ndege hiyo. "Shemeji, mimi sijasema kitu," akaniambia, akaondoka. Nikayatazama majani. Ni ya mti wetu wa uani, ule ninaofungia kamba. Siku ile ulipopita, Kibonge alikuwa kwenye mkeka chini yake.

Najua raha yako ya kurusha ndege karibu na ardhi; uliniambia miti hukimbia kama maji. Huko unakotumwa, ruka, nami nitakuombea. Hapa kwetu usipite tena, mume wangu. Sikuombi, nakukataza.

Siku hizi Kibonge akisikia mngurumo wowote, ananyoosha kidole juu na kusema, "Baba." Njoo kwa miguu, ubishe hodi, akuone unavyoingia mlangoni.

Mkeo akupendaye,
Mama Kibonge