Kashata za Mchicha za Mama Ofelia

Mama Ofelia,

Naandika nimesimama, karatasi nimeiweka juu ya friji. Nikikaa, miguu inataka kuondoka. Tangu ulipoanguka jikoni pale hotelini, na daktari akatutokea kwenye korido akitikisa kichwa, sijapata kutulia. Nikitoka kazini sirudi moja kwa moja. Napanda abra, ile boti ya kuvukia, naenda hadi Deira sina shughuli yoyote, nashuka, napanda nyingine narudi Bur Dubai. Chumbani kwako ameshaingia dada wa Kifilipino. Mpole sana. Lakini kila akifungua mlango, mimi naruka.

Binti yako alikuja kukuchukua. Itzel. Vibali vya kusafirisha mwili vilichelewa, kwa hiyo alikaa kwangu, yeye kitandani, mimi chini kwenye godoro. Ana mabega yako yale yale. Hakulia. Alikunja nguo zako, akazikunjua, akazikunja tena. Kisha akaniomba nimfundishe kupika alegría, zile peremende za mbegu alizokuwa akiziona kwenye picha ulizomtumia.

Nilidhani ananitania. Mtu wa Meksiko amwombe mtu wa Tanga amfundishe peremende ya kwao?

"Nilipoanza kupata akili, alikuwa ameshaondoka," aliniambia. "Bibi yangu hakujua kuzipika."

Basi tukaenda kwenye duka la Wahindi, tukanunua mbegu za mchicha, mbegu za maboga na sukari guru. Unakumbuka siku uliponionyesha zile mbegu kwa mara ya kwanza, ndogo kama mchanga? Nikakwambia kwetu mchicha tunakula majani, mbegu tunawaachia ndege. Ulicheka mpaka ukashika meza. Ukanieleza kwamba jina la peremende hiyo kwenu maana yake ni furaha. Mimi nikaiita kashata, na wewe ukaanza kuiita "kachata", ukakataa kusahihishwa.

Mama, mikono haikunitii. Kikaango kilipata moto mno, mbegu zikaungua kabla ya kuchanua. Nikaanza upya, kijiko kimoja kimoja, nikafunika. Zikaruka na kugonga mfuniko, zikatoka nyeupe. Lakini shira ya sukari guru niliiepua mapema. Tulipokata, kashata yote ikabomoka, ikabaki chenga. Nilitaka kuzima jiko nikatembee. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema, bila mimi kuutuma, "Yalla, mija, haya tena."

Itzel akageuka. Akaniuliza nimelitoa wapi hilo neno, mija. Nikamwambia ndivyo ulivyokuwa ukiniita kila nilipoharibu kitu, na kwamba ulinieleza maana yake ni mwanangu.

"Hilo ni jina langu," akasema. "Kwenye simu aliniita hivyo. Nilidhani ni mimi peke yangu."

Akatoka, akakaa kwenye ngazi. Mimi nikabaki nakoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu. Sikujua nimfuate au nimwache. Sikujua hata kama ninapaswa kuomba radhi, na kwa lipi? Kupendwa na wewe?

Aliporudi, macho yalikuwa mekundu. Alininyang'anya mwiko. Safari hii nilimwelekeza tu. Aliisubiri shira mpaka ikavutika kama uzi, akaikamulia ndimu, akamwagia mbegu, akashindilia kwenye trei kwa viganja vilivyolowanishwa, akapamba juu kwa mbegu za maboga. Ilishika. Alikula kipande kimoja amesimama karibu na dirisha, polepole, akiwa amenipa mgongo. Kisha akakata kingine, akaniwekea mkononi. Mlipoondoka naye, trei iliyobaki aliibeba kwenye mkoba, si kwenye sanduku.

Nilirudi kutoka uwanja wa ndege nikampigia simu mwanangu Zuhura. Nilimwacha Tanga kwa mama yangu kabla hajaanza shule. Sasa ananishinda urefu. Nilimuuliza ni chakula gani nilichowahi kumpikia ambacho anakikumbuka. Akasema, "Pilau?" kama anayebahatisha. Pilau ni ya bibi yake, Mama Ofelia. Mimi sijawahi kumpikia pilau.

Nimemwambia arbab, bosi wetu, sisaini mkataba mwingine. Akaniuliza nimepata kazi wapi. Nikamjibu naenda nyumbani, inshallah, na aliniangalia kama niliyepungukiwa akili. Naogopa. Sijui Tanga nitafanya nini. Sijui kama Zuhura atanitaka jikoni kwake, maana ni kwake sasa, mimi ndiye mgeni. Huenda atanifungia mlango siku za mwanzo. Nitakaa nje ya huo mlango mpaka aufungue.

Pumzika sasa, umefika kwa watu wako. Asante kwa jina ulilonipa. Itzel ameniambia nibaki nalo. Nami nakuahidi hivi: Zuhura hatapanda ndege kwenda kumuuliza mtu baki mama yake alikuwa mtu wa namna gani.

Wako,
Mwanaidi