Mvua Isiyokuwa Yangu

Jumatatu, 30 Aprili 1934
Kulima tangu alfajiri. Maksai kumi na sita, plau moja, vumbi hadi kwenye meno. Kaburu mwenye shamba yuko juu ya farasi, anatazama mbingu. Mahindi ya wafanyakazi yalichomoza kwa manyunyu ya mwezi uliopita, sasa yanajikunja.

Jana kwenye pombe ya busaa nilifanya ujinga. Walinitania: wewe ni mtu wa Bunyore, ukoo wa waita mvua, mbona tunakauka? Nikajibu kwamba mvua ninayo, nimeifunika chunguni, wanibembeleze. Tulicheka. Wekesa, nyapara wetu, hakucheka.

Jumatano, 2 Mei
Mke wangu Rasoa alipofika mtoni wanawake wote waliondoka. Mchana nilikula peke yangu. Mdomo uliponza kichwa.

Rasoa anaomba. Mimi nilikimbia misheni nilipojua kusoma na kuandika. Namwonea huruma akifumba macho, maana baba alinifundisha siri ya kazi yetu. Siafu wakihamisha mayai, vyura wakianza kulia, upepo ukigeuka kutoka ziwani, mvua i karibu. Unajua kabla ya wengine, unapika dawa zako, unapokea kondoo wa malipo. Juu hakuna mtu.

Alhamisi, 3 Mei
Wekesa alikuja, akaketi bila salamu. "Ndugu, fungua hiyo maji. Watoto yangu watakufa njaa." Nikamwambia ulikuwa mzaha. "Jumamosi iishe bila mvua, hii nyumba tutachoma. Na wewe hutatoka."

Nimekagua kila kitu. Siafu wametulia. Upepo mkavu, wa mashariki. Hakuna mvua wiki hii wala ijayo. Ninaogopa.

Ijumaa, 4 Mei
Sijui pa kuanzia. Nitaandika hivyo hivyo.

Saa nane mchana, wingu upande wa milima ya Timboroa. Upande ambao baba hakuwahi kuniambia niutazame. Jeusi chini, jeupe juu, linapanda tu. Maksai walisimama bila kuambiwa. Ndege kimya. Nilitaka kukimbia, nikabaki nikitazama. Kisha mwanga ukapita ndani ya lile wingu, mwisho hadi mwisho, bila sauti, nikaona ukubwa wake. Siku zote nimeishi chini ya mbingu na sikuwahi kuiona. Sijui nilipiga magoti saa ngapi. Nilisema, "Ni wewe." Nilikuwa nasema na mtu. Hilo linanitisha kuliko radi.

Ndipo ikaja mvua ya mawe. Mahindi yamelala yote.

Jumamosi, 5 Mei
Wamekuja na kondoo. Wanaume wazima, wanatetemeka mbele yangu. Wanaamini nilikasirika nikawatumia mawe. Wekesa alinipa kamba ya kondoo kwa mikono miwili, akaniita Mzee, na yeye ni mkubwa kwangu kwa miaka kumi. Nikipokea, hakuna atakayenigusa tena maisha yangu yote. Rasoa alisimama mlangoni akinitazama.

Nilitamani sana kupokea. Nikarudisha kamba. Nikawaambia mvua si yangu, haijawahi kuwa yangu, wala ya baba. Ina mwenyewe. Nilimpigia magoti jana shambani.

"Kumbe ulikuwa unatuchezea," Wekesa akasema. Hofu ilimtoka machoni, hasira ikaingia. Wameondoka na kondoo wao.

Jumapili, 6 Mei
Nimekwenda maombini na Rasoa, kwenye ghala la ngano. Mara ya kwanza. Mwalimu wa dini aliuliza kama mgeni ana neno. Nilisimama, nikalia kama mtoto, nikaketi.

Tulipotoka tuliona moshi. Hatukuuliza wa nini. Nyumba, blanketi, mbegu, vyote vimeisha. Daftari hili lilikuwa mfukoni.

Jumanne, 8 Mei
Tunalala ghalani. Kaburu ameuliza ni nani aliyechoma. Nimesema sikuona, na kweli sikuona.

Nilikuwa nakoroga uji asubuhi mvua ilipoanza. Ndogo, ya taratibu. Baadhi ya mahindi yatachipua tena, hata ya Wekesa. Alipita na jembe begani, kichwa wazi, hakunitazama. Rasoa akaniita nje, tukasimama tukilowa.

Sikujua kama ingekuja. Nimefurahi kutojua.