Mchanga wa Hekalu, Ayutthaya

Jumatatu, 3 Oktoba

Mto umepanda tena. Wakubwa wameamua maji yapite kwetu ili mji mkuu ubaki mkavu! Nimeandika makala ya moto. Mhariri amefuta matusi mawili, akabakiza matatu — ashukuriwe.

Mnara wa matofali wa hekalu, nyuma ya nyumba yangu, umeinama zaidi. Uliuona mji huu ukichomwa, wafalme wakitoweka, sanamu zikikatwa vichwa. Leo uangushwe na maji ya tope? Hapana!

Jumatano, 5 Oktoba

Madukani mchanga hakuna. Uliopo ni wa hekalu tu, ule tunaoupeleka ndoo kwa ndoo kila mwaka mpya kurudisha tuliouondoa kwa nyayo zetu. Mtawa Mkuu Sangwan kasema tujaze magunia, tukinge mnara na nyumba za ukingoni. Watu wakagoma! Mnara sawa, uko hekaluni. Nyumba — dhambi, ni kuuiba mchanga wa hekalu.

Shangazi Lamduan, jirani yangu muuza vitumbua vya nazi, akawaka: "Mwaka mzima nakung'uta ndala getini nisiondoke na punje, leo nibebe gunia zima? Bora jiko langu lizame."

Nikamwambia huo ni ujinga.

"Wewe mwandishi, mdomo wako ungekuwa tuta, mto ungerudi milimani!"

Watu wakaangua kicheko. Hata mtawa.

Alhamisi, 6 Oktoba

Ah, mzee Sangwan! Miaka mitatu namshambulia gazetini kwa vipaza sauti vyake na dhahabu anayopaka kila ukuta. Leo katoka na uzi mweupe wa baraka, kaufunga mlangoni pa hekalu, kauzungusha nyumba zetu zote hadi ya mwisho.

"Sasa nyote mko uani kwangu. Mchanga hautoki hekaluni." Akanikazia macho. "Hata huyu mgomvi ni wa hekalu mpaka maji yashuke."

Shangazi akabeba gunia la kwanza! Mimi nimepata mawili. Yako mlangoni, na vitabu vya chini vimepona. Nilimsujudia mtawa palepale kwenye tope, paji la uso chini. Akili ya namna hii huisomi popote. Asante, mzee. Asante.

Ijumaa, 7 Oktoba, asubuhi

Maji yamevuka magunia ya mnara. Mchanga umekwisha. Mtawa anazunguka na mtumbwi, hamwombi mtu kitu. Tofali limeanguka mtoni — nimelisikia kutoka hapa mezani.

Shangazi Lamduan anapita dirishani, maji vifundoni, gunia la mlango wa jiko lake begani.

"Shangazi, rudi! Jiko lako!"

"Jiko nitajenga jingine, mwanangu. Huo mnara utaujenga wewe?"

Wengine wanamfuata, kila mmoja na la kwake. Watu gani hawa, jamani! Bahati gani kuzaliwa kati yao.

Magunia yangu mawili bado yako mlangoni. Nyuma yake vitabu, vikavu kabisa —