Ngoma Niliyoiingilia Rejaf

Alhamisi, 14 Novemba

Hosteli inafungwa! Sista ametukusanya baada ya chai akatuambia paa limeoza, mafundi wanaingia wiki ijayo, kila mmoja atafute pa kulala. Wenzangu wote wana mashangazi hapa Juba. Mashangazi zangu mimi wako Maua, Kenya, nyuma ya mlima, wanachambua miraa.

Nimekimbia ofisi ya programu. Yule bwana mpole akanieleza polepole, kama mtu anayempa mtoto dawa chungu — mwanafunzi wa kigeni, tena msichana, haruhusiwi kupanga chumba peke yake. Lazima familia imkubali. Mama mwenye nyumba aje mwenyewe aseme, huyu ni wangu. Mwisho Jumanne. Nisipopata, narudishwa Kenya, na mwaka wangu wote wa masomo ya samaki umekwenda na maji.

Sirudi! Nitawaambia nini watu wa Maua? Walinicheka hadi wakakohoa: wenzako wanaenda kusoma Ulaya, wewe unaenda Juba. Sirudi ng'o.

Ijumaa, 15 Novemba

Night ana mpango. Night ndiye tunayelala naye chumba kimoja. Alizaliwa usiku, ndiyo jina lake, na amekulia Uganda ukimbizini, kwa hiyo Kiswahili chake ni kile ambacho maneno hayaulizani ukoo. Yeye anahamia kwa shangazi yake, Auntie Susan, huko Hai Malakal. Kwenye ua wa Auntie kuna kibanda kimoja cha nyasi, kitupu, kinangoja mtu. Huyo mtu ni mimi!

Shida ni Auntie. Mwaka juzi alimpokea mwanafunzi mgeni (simjui, lakini Mungu anamwona) akawa anashinda chumbani na vitu masikioni. Akiitwa chakula, ameshiba. Akisalimiwa, anatingisha kichwa. Auntie akaapa: mgeni kwangu, basi. Night amempigia kuniombea. Jibu limekuja fupi — hapana, na msalimie.

"Lakini yeye hajaona wewe," Night akasema. "Kesho yeye iko Rejaf kwa haboba. Familia yote iko. Sisi natembea, naona mji, jioni napita pale. Wewe nasalimia vizuri, nakula vizuri. Yeye nakubali."

Haboba ni nyanya, yaani bibi yake. Nikauliza nivae nini. Kitu kizuri, akasema. Basi ni lile gauni langu la njano. Tangu nije Juba nimeona darasa, maabara na ukuta wa masista. Kesho natembea mji, na hiyo hiyo kesho napata nyumba. Gauni nimelipiga pasi mpaka mshipi.

Jumamosi, 16 Novemba

Wueh! Nianzie wapi? Nianze asubuhi, wakati bado nilikuwa mtu wa heshima.

Tulianzia soko la Konyokonyo. Chai ya tangawizi kwa Norah, mama wa Uganda mwenye mwavuli mkubwa na viti vya plastiki vya chini, ukikaa magoti yanagusa kidevu. Wanaume wazima wanabishana mpira hapo kama wamelipwa. Halafu upande wa samaki! Sangara wakavu wakubwa wamekunjwa mara mbili. Nikashindwa kujizuia. Nikashika kichwa cha mmoja, nikafungua shavu, nikamweleza muuzaji huyu samaki alikuwa anapumuaje. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza nimekuja kununua au kufundisha. Night alicheka akakaa chini.

Kizza wa boda akatubeba sote wawili. Anatoka Masaka na anaendesha kama anayechelewa ubatizo wake mwenyewe. Tukasimama kando ya Nile. Maji mapana, ya kahawia, yanakwenda zao bila kelele. Nikatoa simu, lile daraja lile... Night akanipiga kofi la mkono, Kizza naye akasema dada, weka hiyo kitu, hapa daraja haipigwi picha, unataka tulale ndani? Nikaweka. Nimelipiga kwa macho.

Kisha Rejaf. Kuna jebel pale, kilima kilichochongoka, na Night alidai kukipanda ni dakika chache. Mwongo! Mawe yanachoma, vichaka vinakushika gauni, na nusu ya njia kiatu changu cha kushoto kikakatika kamba. Nikapanda hivyo hivyo. Juu kule upepo ukanipiga nikaona kila kitu: mto unazunguka visiwa, mashamba ya kijani kandokando, mabati ya Juba yanametameta huko mbali. Nikaita jina langu kwa sauti yote. Kawiraaa! Mbuzi mmoja akaitika. Nilifurahi hadi machozi, sijui hata kwa nini.

Tukashuka. Night akachukua kiatu akakitafutia fundi barabarani, akaniambia nikae kivulini nisisogee.

Nisisogee! Na ngoma zinalia nyuma ya ua wa pili!

Nikachungulia. Turubai limefungwa, viti, masufuria makubwa, wanawake wamejifunga begani malawa, zile shuka zao za rangi zote, filimbi, vumbi, watu wanaruka. Harusi! Nikasema, leo Mungu ameamua. Nikaingia na kiatu kimoja, nikapiga vigelegele vya Kimeru kutoka tumboni. Watu wakageuka — wakafurahi! Wakanifungulia nafasi. Nikatikisa mabega kama tunavyotikisa kwetu, mzee mmoja akanipa filimbi, nikaipuliza.

Sasa, pembeni kuna mkeka, na juu ya mkeka bibi kizee, mdogo kama mtoto, amekaa peke yake miguu ameinyoosha, hachezi. Nikaona haiwezekani. Mama wa bwana harusi anakaaje chini siku kama hii? Nikainama, nikamshika mikono yote miwili, nikamwinua.

Ngoma zikanyamaza. Bibi akanitazama. Nikadhani nimemuumiza. Halafu akainua goti moja, akakanyaga, akainua la pili — na pale pote pakalipuka! Vigelegele, ngoma, wanawake wanalia na kucheka pamoja. Nikawaza, hawa watu wanapenda harusi, jamani! Mbele yetu alisimama mama mnene wa lawa la kijani, mikono ameinyoosha mbele kama anayetaka kupokea mtoto. Nikampigia kelele juu ya ngoma:

"Mama, bibi harusi anatoka saa ngapi?"

Mikono ikabaki hewani vile vile. Mwanamume mmoja aliyekuwa nyuma yangu, Lukudu, baadaye niliambiwa amesomea Eldoret, akaniinamia sikioni. "Dada," akasema kwa upole, "hakuna bibi harusi. Tunaondoa matanga ya mzee."

Hapo ndipo Night akaingia na kiatu mkononi. Akanitazama. Akaitazama mikono ya bibi ndani ya mikono yangu. Akamtazama mama wa kijani.

"Kawira," akasema, "huyo ndiyo Auntie."

Ardhi haipasuki ukiihitaji, nimeamini.

Night alinieleza nyuma ya jiko, nusu analia nusu anacheka. Mzee Loro, babu yake, alifariki mwaka jana. Leo huzuni inatolewa, na kwao huzuni inatolewa kwa kuchezwa. Haboba anakaa mkekani mpaka ainuliwe, na anayemwinua ni binti wa kwanza. Binti wa kwanza ni Auntie Susan. Amengoja mwaka mzima! Mimi nimekuja kutoka kivulini na kiatu kimoja nikamwinua.

"Kwa nini hukuniambia ni matanga?"

"Mimi nilisema familia yote iko! Matanga inaisha na ngoma, kila mtu najua!"

Kila mtu, ila watu wa Maua. Kwetu msiba una programu iliyochapishwa, picha ya marehemu na suti, askofu, wali, kila mtu nyumbani. Ningejuaje?

Nilimpigia Auntie magoti. Nikamwambia nisamehe, sikujua. Hakunigombeza. Heri angenigombeza! Akasema, "Karibu mgeni." Akaniletea kiti, soda, sahani yangu peke yangu. Wengine wote wako chini wamezunguka sinia, mikono inagongana, vicheko. Nikaomba nikae nao. Akasema mgeni anakaa kwenye kiti. Nikala huko juu, asida, ule ugali wao wa mtama, haipiti. Haboba tu ndiye alikuja akasimama kando yangu akanishika mkono, hakuuacha mpaka boda imefika.

Mji nimeuona. Nyumba nimeipoteza.

Jumapili, 17 Novemba

Mama amepiga. Nikamwambia nimetembea, nimeona Nile, niko sawa. Akaniuliza mbona sauti ndogo. Vumbi, nikasema.

Mchana Night akapiga kutoka Hai Malakal. Haboba ameletwa kwa Auntie tangu jana jioni, na amekataa kula! Desturi yao — aliyekuinua ndiye anayekupikia chungu cha kwanza. Auntie akamweleza: mama, yule ni mgeni, amekosea tu. Haboba akajibu magoti yake ndiyo yameamka, na magoti hayakosei. Auntie akapika. Haboba akageukia ukuta.

Night anacheka. Mimi sicheki. Nimemfanya kizee alale njaa, na binti yake amenyang'anywa mara mbili sasa, siku na chungu. Nimefunga sanduku nusu.

Jumatatu, 18 Novemba

Naandika haraka, nimekaa juu ya jiwe jikoni kwa Auntie Susan!

Asubuhi honi getini. Auntie mwenyewe, juu ya boda, uso haufunguki. Salamu hakuna. "Panda," akasema. "Mama yangu nakufa na njaa juu yako." Nikapanda na kandambili za kuogea. Njia nzima nimeutazama mgongo wake, nikitunga maneno ya kuomba kile kibanda, nayameza. Mtu huombi chumba kwa uliyemwibia.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimepewa mwiko. Unga wa mtama, maji yanachemka, Auntie amesimama nyuma yangu mikono kiunoni. Mimi asida sijawahi kupika maishani. Nikaanza kusonga ugali wa Kimeru, kwa nguvu zote za hofu.

Halafu nikageuka nikasema, maana ningepasuka. "Auntie, nafasi ilikuwa yako. Siwezi kuirudisha. Ukitaka nirudi kwetu nitarudi, lakini sikutaka kukuumiza."

Moto unalia. Nikadhani ndiyo basi.

"Mimi nilikuwa na maneno," akasema mwishowe. Akaketi kwenye gogo, mzito. "Ya kumwambia wakati namwinua. Mwaka mzima natengeneza. Nikiosha vyombo, nasema. Kanisani, nasema. Baba alikufa mimi niko Uganda, Kawira. Barabara ilikuwa mbaya. Sikuzika." Akafuta uso kwa ncha ya lawa. "Halafu wewe nakuja na filimbi."

Nikalia, naye akalia, kisha sijui nani alianza — kicheko! Ile filimbi! Akaniuliza kwani kwetu watu wote wanacheza hivyo, kama kuku aliyemwagiwa maji? Nikamwambia hapo nilikuwa nimejizuia.

"Mwambie sasa," nikasema. "Yuko ndani pale. Mimi nitakoroga."

Akainuka, akaingia. Ukuta ni wa udongo, nasikia sauti yake, chini chini, kwa Kibari, lugha yao, sielewi hata neno. Haboba anaitikia, mm, mm. Sasa Haboba anaimba. Sasa wote wawili. Night amesimama na ndoo ya maji mlangoni, amesahau kuitua.

Kesho ni Jumanne. Sijauliza kitu na siulizi.

Ametoka! Macho mekundu, uso mwepesi. Amekuja moja kwa moja kwenye sufuria. Amechovya kidole, ameonja. Ametema!

"Hii nini? Hii tofali! Haboba iko na meno tatu! Kesho asubuhi na mapema wewe naamka, mimi naonyesha wewe mtama inapikwa namna gani."

Nikasema kesho asubuhi, Auntie, ofisi inanitaka, nikifika lazima nifike na... Hakunisikiliza. Amekwenda kule kwenye kibanda cha nyasi, anatoa mifuko ya makaa na baiskeli ya zamani, anavitupa uani, anamgombeza Night kwamba vumbi ni la tangu Uhuru. Wala hajasema anakisafishia nani. Na mimi siulizi!

Sasa anapiga kelele jina langu. Ati ninaandika nini na moto unazima, ati nani amenilea, ati nilete ufagio kabla hajanifuata na mwiko. Ni ile ile sauti ya kumgombezea Night, si ile ya "karibu mgeni", haina hata chembe ya adabu.

Naenda mbio. Ufagio uko wapi hapa