Karafuu Kwenye Jagi la Bu Ratmini

Bu Wuryan mpendwa wa ukurasa wa ushauri gazetini, salamu nyingi na samahani kwa mwandiko, naomba uninusuru kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, maana jambo nililolifanya ni dogo kama kifuniko cha chupa na limeleta balaa kubwa kuliko mimi mwenyewe, na mimi si mtu mdogo, nina kilo tisini na mbili.

Kwanza unifahamu. Mtaa mzima hapa Salatiga unaniita Pak Koki kwa sababu miaka ishirini na mbili nilikuwa mpishi wa meli, nimefika Santos, Durban na Piraeus, nimepika wali wa watu thelathini bahari ikiwa imesimama wima kama ukuta na hakuna punje iliyoungua, shule niliishia darasa la sita lakini kuomba chumvi najua kwa lugha tisa, na mke niliyekuwa naye alichoka kuolewa na kadi za posta akaenda zake Surabaya, simlaumu, ningekuwa yeye ningeondoka mapema zaidi. Nilipostaafu mikono ikakosa kazi, nikaanza kutengeneza sabuni jikoni kwangu, ile isiyopikwa, unachanganya kostiki soda na maji huku umegeuza uso, unaacha ipoe, unaitia kwenye mafuta ya nazi na mawese, unakoroga mpaka ishike kama uji mwepesi, halafu unaigawa kwenye majagi, hili unatia nili ya bluu, lile manjano, unamimina kwenye kisanduku cha mbao rangi zikiviringana, unafunika na taulo, na kesho yake ukikata ndipo unaona Mungu aliamua nini. Sijisifu, lakini mama mmoja wa Semarang alinusa sabuni yangu akataka kuitafuna.

Sasa kuna mama, nitamwita Bu Ratmini, si jina lake, mjane wa mwalimu, anakaa kichochoro cha juu yangu. Mapema mwaka huu alikuja na binti yake, naye nitamwita Wening, akasema binti anaolewa mwezi wa nane, wageni mia mbili, na angependa kila mgeni aondoke na kipande cha sabuni kilichomiminwa na mama wa bibi harusi kwa mkono wake mwenyewe.

"Nifundishe, Pak Koki," akasema, "lakini usinitanie, mimi mwepesi wa kulia."

"Na mimi mwepesi wa kutania, Bu," nikamjibu, "tutaona nani atachoka kwanza."

Akacheka huku amefunika mdomo kwa ncha ya mtandio, na mimi nikasahau kama jikoni kuna kostiki inatoa moshi.

Kisanduku changu kinatoa vipande ishirini, kwa hiyo tukapatana Jumamosi kumi. Na mtindo wangu, Bu Wuryan, unataka watu wawili, mmoja anasimama upande huu na jagi la nili, mwingine upande ule na la manjano, mnamimina kwa pamoja, polepole, mnapumua kwa pamoja, maana mmoja akitangulia tu mawimbi ya rangi yanavunjika. Nimelala chumba kimoja na mabaharia kumi na wawili, migongo inagusana, lakini sijawahi kuwa karibu na mtu kama pale juu ya kile kisanduku, na hatukugusana hata kiwiko. Tukimaliza anakunywa chai, anakula muhogo wa kukaanga, kila dakika anainua taulo achungulie, namwambia, "Bu, mtoto amelala, usimwamshe," naye anasema, "Nataka kujua tu kama anapumua." Ikilia adhana ya adhuhuri anakwenda. Nikawa naichukia ile adhana, Mungu anisamehe.

Jumamosi ya nane nikahesabu nikaona zimebaki mbili. Baada ya hapo hana sababu ya kuja kwangu, na mjane wa mwalimu haji kwa mwanamume bila sababu, hata kama ni mwanamume aliyefika Piraeus.

Hapo ndipo shetani akanikumbusha mafuta ya karafuu. Huenda hujui, ukiyatia kwenye sabuni mbichi inashtuka, inaganda kabla hujamaliza bismillah, inakuwa bonge kama wali wa jana. Na harufu asingeigundua, kwa sigara zetu hizi za karafuu nyumbani kwangu hata mijusi inanuka karafuu. Nikangoja ageuke kufunga aproni, nikatia matone. Kwenye jagi lake. Alipoinua amimine, halikutoka kitu.

"Astaghfirullah, Pak! Imekuwaje?"

"Hutokea, Bu, hata meli huzama. Jumamosi ijayo tunarudia."

Jumamosi iliyofuata nikafanya tena. Akatazama jagi langu likiteremka kama hariri, akauliza, "La kwako mbona linatoka?" na mimi mdomo wangu huu ukajibu, "Mkono huu, Bu, umezunguka dunia."

Mara ya tatu jagi lake likaganda tena. Aliweka jagi chini akavigeuza viganja vyake akavitazama.

"Ni mikono yangu," akasema. "Mama mkwe alishaniambia zamani. Muhogo niliouchachusha kuwa tape ulikataa kuiva mara mbili, ukatoka mchungu. Nina mikono ya moto, Pak. Nikishika kitu hakiendi."

Unajua hapa kwetu neno hilo lina uzito gani, mtu wa mikono ya moto haitwi kupanda mche wala kuchachusha tape, watu wanamzunguka kwa adabu. Nilikuwa na la kumjibu, chupa ilikuwa mfukoni mwangu, ilikuwa imepata joto la paja langu. Nikaisukuma ndani zaidi. Akaosha vyombo vyote, hata vyangu, akakunja aproni, akaenda. Vipande tulivyokwisha kukata hakuvitaka, wageni watapewa pepeo za mianzi za dukani.

Zimepita Jumamosi tano. Nimejaribu kumimina majagi mawili peke yangu, moja kila mkono, naweza, nina mikono mirefu, lakini sabuni inatoka na sura ya mtu anayeongea peke yake. Adhana ya adhuhuri inalia na hakuna anayeondoka. Nimewahi kukaa miezi saba bila kuona nchi kavu na sikuhisi hivi.

Ningemeza hayo nikafa nayo, lakini juzi Wening alikuja kurudisha kijiko changu cha mbao, ananiita Pakde, kama baba yake mkubwa, nikamtania kama bwana harusi ameshajifunza kupika, hakucheka.

"Pakde, mama amekataa kunimwagia maji."

"Maji gani?"

"Ya maua, Jumamosi ya wiki ijayo, siku moja kabla ya harusi. Wanaomwaga ni watu saba, na wa kwanza alikuwa awe yeye, maana baba hayupo. Amempa dada yake. Anasema hawezi kunitia moto kichwani siku ninayoanza nyumba yangu."

"Hayo maneno tu ya..."

"Nimemwambia, Pakde! Nimemwambia mikono hiyo ndiyo imeniogesha tangu nizaliwe, mbona sikuungua? Ananiambia, na baba yako nilimshika mkono mpaka mwisho, si umeona."

Nilimwambia anisubiri kidogo, nikaingia bafuni nikafungulia bomba nikalia.

Sasa nishauri. Nikimwambia ukweli ananichukia na sitamwona tena hata kwa bahati. Nisipomwambia, sijui. Nimefikiria njia ya katikati, nimwambie mafuta ya nazi yalikuwa mabovu, duka lilituuzia feki, ili mikono yake itakasike na mimi nibaki mtu. Au nimwambie yote mawili kwa mpigo, kwamba nilitia karafuu kwa sababu nampenda, labda akisikia la pili makali ya la kwanza yatapungua.

Ni mimi Pak Koki, Salatiga. Ukinijibu nitakutumia sabuni ya rangi tatu.

*

Pak Koki,

Sabuni kaa nayo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka mpaka mhariri akachungulia. Ya pili nilipofika kwa yule binti niliiweka mezani nikatoka nje kupunga upepo. Jibu hili linakuja mlangoni kwako kwa mtu wangu leo Jumatano, na gazetini halitatoka mpaka harusi ipite, ili mama wa watu asijisome ukurasani kabla hajasikia kwa mdomo wako.

Upweke wako sina ugomvi nao. Mwanamume wa umri wako anayehesabu Jumamosi kama mtoto anayengoja sikukuu, mimi namwonea huruma, na wasomaji wangu nusu yao watalia. Lakini nikuulize swali moja, baba. Kwa nini jagi lake? Ungetia karafuu kwenye jagi lako, sabuni ingeharibika vilevile, angerudi vilevile, tena angekuletea na supu. Hukutaka. Ulitaka arudi, lakini usingeweza kusimama mbele yake ukiwa umeshindwa, wewe wa lugha tisa. Ukaona afadhali ashindwe yeye. Hapo ndipo ulipokosea, mzee wangu, na uliporudia mara ya pili ukajitapa juu yake! Ningekuwa dada yake ningekuvisha hicho kisanduku kichwani.

Hayo ya mafuta mabovu yafute. Mafuta ya majagi yote mawili yalikuwa ya sufuria moja. Atakuuliza mbona jagi lako liliteremka, maana ameishi na mwalimu, atauliza tu, na utaongeza uongo mwingine wa kuubeba ule wa kwanza.

Sikiliza ninachokuambia. Kesho asubuhi unavaa shati lenye vifungo, unachukua ile chupa, kile kisanduku, na majagi mawili ya sabuni mbichi uliyoikoroga alfajiri ikiwa bado nyepesi. Unakwenda kwake. Binti awepo na dada yake awepo, kwa sababu neno la mikono ya moto limeshafika masikioni mwao na lazima liondolewe huko huko lilikofika. Usikubali kiti. Useme hivi: "Bu, nilitia mafuta haya kwenye jagi lako mara tatu, kwa makusudi, nikakuacha ujilaumu. Mikono yako haina kosa." Basi. Usiweke meli humo ndani, usiweke Piraeus. Kisha mpe yeye jagi moja, na la kwako utie karafuu, wote wakiona. Mmimine pamoja. La kwake literemke, la kwako ligande mkononi mwako, na usimame hapo nalo mpaka watakapochoka kukutazama.

Mapenzi usiyataje. Najua ndiyo yanayokuwasha. Lakini ukiyaleta kesho, unampa mwanamke aliyeumizwa kazi ya kukuhurumia kabla hajapata hata dakika ya kukasirika. Hasira yake ni haki yake. Akikufukuza, toka. Akikutupia hiyo chupa, inama, utoke. Usimtumie binti, usimtumie jirani, usimtumie sabuni.

Kuhusu marehemu mumewe, hilo si lako kulitibu, wala mimi sina dawa yake. Mtu aliyeuguza hubaki anavitazama viganja vyake, hata bila wewe. Wewe ulichofanya ni kumletea ushahidi wa uongo mezani, mara tatu mfululizo. Huo nenda ukauchukue.

Baada ya hapo Jumamosi zako zitakuwa ndefu, na huenda zikabaki hivyo, sitakudanganya. Ukikutana naye sokoni, msalimie kwa heshima upite. Ikiwa siku moja atakuja mwenyewe mlangoni kukuuliza kwa nini ulitaka sana arudi, hapo mwambie, na umwambie bila mzaha hata mmoja, hata kama ulimi utakuwasha. Asipokuja, utakuwa umempenda hivyo hivyo, kwa mbali. Wako wengi wanaoishi namna hiyo na chakula kinapita kooni.

Ila hayo ni yako, yanaweza kungoja. Jumamosi hii Wening anakaa kwenye kiti chake, nywele zimefunguliwa, na kata ya kwanza ya maji inatakiwa iwe mkononi mwa mama yake. Zima sigara, Pak. Kachanganye kostiki.